Mkia Uko Nje

Alikuja kwa treni, kama wengi wetu.
Siku tatu kutoka Dar katika behewa la mizigo,
amelazwa kati ya saruji na magodoro:
pingili moja ya uti wa mgongo, ubavu mmoja,
na taya lililokatwa msumeno lipate kupita mlangoni.
Karani wa stesheni ya Kigoma alipekua kitabu cha viwango,
nyangumi hakumkuta. Akaandika,
"Samaki mkavu, mmoja,"
akagonga muhuri.

Stakabadhi ile tumeiwekea kioo.
Huanzia hapo na wageni.
Nasema: kosa la kwanza ni hili, lina muhuri.
Si samaki huyu. Damu yake ya moto,
ananyonyesha, na hewa anaifuata juu
kama mtu aliyetoka kuzama.

Mimi ni mlinzi, mfagizi, na mwelezaji.
Bahari sijaiona.
Ninalo ziwa, refu, la kina cha kutisha,
lakini maji yake unakunywa.
Mwalimu Skolastika Ntahondi ndiye aliyenifundisha,
alipouza kiwanja chake cha Gungu akanunua nyumba hii.
Ndugu zake walisema: si bora ungenunua boti?
Faida hatugawani, maana haipo.
Sanduku la michango lina sarafu
na kifungo cha shati.

Watoto wa Katubuka huuliza, anakula dagaa?
Nawajibu: huko kwenye barafu anakula vijidudu
vidogo kuliko dagaa, kwa tani.
Wanacheka. Halafu wananyamaza,
wanapiga hesabu ya mwalo mzima wa Kibirizi.

Karibu na dirisha kuna kipande cha wavu, buluu,
kilichokutwa kimemkaba kwenye pezi.
Wavuvi wakifika hapo hawaulizi kitu.
Wanashika fundo kwa vidole,
wanaliachia.

Nyumba ina mita tisa. Yeye alikuwa na kumi na nne.
Mwalimu alimchora sakafuni kwa chokaa,
akaanzia puani, na alipoufikia ukuta
hakumpunguza.
Alitoka nje na ndoo yake, akaendelea:
kiwiliwili kikavuka kibaraza, kikaruka mtaro,
mkia ukafunguka uani kwa Mama Nyambele
chini ya jiko lake la vitumbua.
Wakagombana wiki nzima.
"Samaki wako anasimamisha biashara yangu."
"Si samaki."

Mwezi wa nane aliingia nesi wa Maweni,
mgeni, amehamishwa kutoka Mtwara.
Alinisikiliza hadi mwisho, mikono nyuma.
Kisha akasema: Kaka, umesahau harufu.
Pumzi yake inanuka, kabichi iliyooza.
Ikikupitia mashuani, chakula cha mchana husogezi.
Akaweka kiganja juu ya pingili,
akakiacha hapo
kama anayepima homa ya mtoto asiye wake.

Tangu siku hiyo harufu nimeiongeza.
Watoto huziba pua,
na hapo ndipo wanapomwamini.

Mvua za Novemba zilifuta mkia.
Chokaa ilikwisha, sandukuni mna kifungo kilekile,
na Mwalimu mguu umevimba, hatoki kitandani.
Nikawa nawaambia wageni: anaishia ukutani hapa,
na ulimi wangu unakuwa mzito,
maana naujua uzito wa kilichobaki nje.

Juzi alfajiri nafungua mlango,
nakuta jiko la Mama Nyambele limehama,
hatua mbili, limebanwa mtaroni
mahali ambapo moshi unamrudia mwenyewe usoni.
Na pale lilipokuwa, mweupe, mpana,
pacha mbili zimekunjuliwa vizuri kuliko zile za Mwalimu,
mkia. Wa unga wa mchele.

Yeye ameinama, anageuza vitumbua, hanitazami.
Kuku walikuwa wameshaanza kudonoa ncha ya kushoto.

Nikavua kandambili,
nikawafukuza.