Nyekundu, Nyekundu, Njano

Siku hizi mimi ni fundi simu.
Barabara ya Saba, Ngamiani, kibanda cha bluu,
lenzi imenikaa jichoni kama chongo ya hiari.
Nauza chaja, nabadilisha vioo,
vitu vyenye matumbo membamba yasiyo na harufu.

Akaja Zaina Mhando na baiskeli,
nyuma amefunga sanduku kwa mpira wa tairi.
"Ilikuwa stoo ya shamba la mkonge, Ngomeni.
Wameniambia nibebe, la sivyo wanaichoma."
Amplifaya. Ndogo, ya valvu, mkono wa ngozi umekatika,
kitambaa cha mbele panya wamekula
wakaacha nyuzi.

Sikuiwasha. Asiyejua ndiye huanza na swichi.
Nilifungua mgongo kwa bisibisi
ikanipumulia usoni: vumbi, mayai ya mende,
na harufu ya nta ya transfoma
niliyoisahau tangu marehemu Mzee Chande
aliponichapa kiganja kwa kugusa kapasita.
"Umeichomoa ukutani," alisema,
"yenyewe haijajua."

Kapasita ni mtu wa kinyongo:
umezima, umekunywa chai, umerudi,
bado ana volti mia tatu za kukulipa.

Nilizitoa zote tano, zimevimba vichwa.
Mpya zikaja kwa basi kutoka Dar.
Valvu ya kutolea sauti ikatoka Mombasa,
imevikwa soksi ya mtoto, ikavuka Horohoro
mapajani mwa mama mmoja muuza vitenge.
Waya wa ukutani ulikuwa na nyuzi mbili tu.
Nikaongeza wa tatu, wa kijani na manjano:
nikaipa ardhi,
mpiga gita asije akabusu maikrofoni
akaagana na watu.

Spika ilikuwa imechanika. Mtu alishaitia kiraka
kwa karatasi ya mizani ya shamba na uji wa muhogo.
Penseli inasomeka mpaka leo:
Mdoe Sebarua, mafungu 90, pungufu 20.

Kisha nikaona kosa.
Valvu ya kwanza, mchoro unasema kahawia, nyeusi, njano.
Yeye, huyuhuyu wa uji, ametia nyekundu, nyekundu, njano,
zaidi ya mara mbili!
Nikacheka. Fundi wa shamba,
alikosa duka, akatia alichokuta.
Nikaing'oa, nikaweka sahihi.

Zaina akachomeka gita. Tukangoja,
maana valvu haziamki kwa kubonyezwa;
kwanza chungwa dogo chini, kisha kioo kipate joto,
kisha ule mvumo, kama mtu anasafisha koo chumba cha pili.
Akapiga.
Safi. Safi kama maji yaliyochemshwa,
na tamu kiasi hichohicho.
Akapiga tena, akanitazama
kama mtu aliyerudishiwa na dobi shati si lake.

"Si hii."
"Hujawahi kuisikia, Zaina."
"Najua. Lakini si hii."

Usiku Mwanamkasi, mke wangu, akauliza kazi hii inalipa ngapi.
Nikajifanya nayeyusha lehemu.
Ile rezista ilikuwa bado kwenye kisosi.
Nikaipima: haikusogea, miaka yote hiyo.
Nikatazama miguu yake:
imepindwa mara moja, ikakazwa,
na tone la lehemu lililobaki linang'aa kama kipini cha pua.
Hii haikuwa kazi ya pupa.
Huyu hakukosa duka. Huyu alisikiliza.

Nikairudisha.

Asubuhi Zaina akagusa uzi wa tatu, polepole,
na sauti ikaja na ukwaruzo pembeni,
kama mtu anayecheka huku ana mafua,
ikasimama, ikakataa kuisha.
Jirani akasimamisha cherehani.
Mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya sanduku, natazama kiraka:
Mdoe Sebarua anatetemeka,
mafungu tisini yanatetemeka,
na yale ishirini aliyodaiwa.

Risiti nimeiandika hivi:
Kapasita, tano. Valvu, moja. Waya wa ardhi.
Kitambaa cha mbele, katani.
Rezista: ya fundi aliyetangulia.