Daftari la Lifti

Mpini wa fagio la mama mkwe
niliutia alama kwa kisu, sentimita kwa sentimita,
nikausimika nyuma ya kibanda cha lifti
majira ya kwanza ya baridi niliyokabidhiwa funguo.
Kila asubuhi niliusoma, nikaandika:
Sm 94. Upepo wa kaskazini. Tumefungua saa mbili.
Sikuwa na nia ya elimu.
Bosi alitaka kujua dizeli inakwenda wapi.

Madaftari thelathini na moja.
Fosca, binti wa muoka mikate, aliyekwenda Bologna
akarudi na udaktari na buti zile zile,
aliniomba nimwazime kwa wiki tatu.
Nikamwonya: mengine yana grisi ya magurudumu,
na mwaka wa tisini na tatu panya waliila Machi yote.
Akasema pengo litabaki pengo,
hatajaza asichokijua.

Sasa tumekaa ukumbini kwa meya,
makoti mapajani, maana Januari hii haitaki makoti,
na ukutani anatuonyesha mstari mwekundu
unaoshuka kama mzee anayeshuka ngazi gizani:
kidogo, kidogo, anasita,
kisha mguu unakosa ngazi moja.
Sikuutambua.
Mpaka nilipoliona pengo la panya,
moyo ukanipiga: kumbe ni mimi huyu.
Ni mkono wangu, kila asubuhi, glavu moja mdomoni.

Akatamka sentensi moja, nami nikaishika:
"Chini ya mita elfu moja na mia tano
msimu wa skii tuliouzoea hautarudi."

"Hautarudi mpaka lini?" akauliza Gualtiero wa hoteli.
Watu wakacheka, naye akacheka,
vidole vimeng'ang'ania kiti.

Basi nikaifuata ile sentensi
kama mtu anayemfuata mbwa wake sokoni.
Kwenye kamati ilikuwa: msimu unatarajiwa kupungua.
Ilipofika mkoani, kwenye ruzuku: msimu una changamoto.
Kwenye kipeperushi, chini ya mtoto mwenye mashavu mekundu:
Mlima wa Misimu Minne!
Na ripoti yenyewe, kurasa mia mbili na kumi na mbili,
ikawa kiambatisho namba saba,
nyuma ya ramani ya maegesho.

Mficha maradhi kifo humuumbua.
Lakini hapa nani alificha?
Maradhi tuliyapiga picha, tukayatia fremu,
tukayapigia kura.

Tano kwa nne: inunuliwe mizinga minne ya kutema theluji.
Kura ya tano ilikuwa ya Ivo, mwanangu.
Ana mkopo wa duka la skii, ana watoto pacha.
Sikumlaumu.
Wala sikumpikia Jumapili ile.

Mizinga ikaja juu ya malori.
Ila mzinga nao hudai usiku wenye baridi,
jambo lililoandikwa ukurasa wa arobaini na nne.
Desemba nzima ilisimama mteremkoni, midomo wazi,
kama wanakwaya wanaomngoja mwalimu aliyehama mji.
Usiku mmoja ilitema, saa nne hivi.
Asubuhi tukawa na utepe mweupe kwenye nyasi,
kama bandeji, na Gualtiero akaupiga picha
kwa karibu sana.

Mwezi wa tano wakamwita tena Fosca.
Safari hii bila ukuta, bila mstari,
jikoni kwa meya, kahawa mezani.
Chemchemi ipi itadumu? Njia za miguu zianzie wapi?
Kibanda cha juu kivunjwe au kipakwe rangi?
Akafungua ukurasa wa mia na tisini.
Ulikuwepo siku zote.
Ivo alikuwa na kalamu; aliandika mpaka wino ukakwama,
akaazima yangu.

Sijui kama tumewahi.
Baiskeli kumi na mbili hazilipi deni la mizinga minne,
na hoteli imefunga ghorofa ya tatu.
Lakini mpini bado nimeuacha pale pale,
ingawa fagio letu la sasa halina mpini mzuri,
na leo, Februari tisa, daftari la thelathini na tatu linasema:

Sm 0. Upepo wa kusini. Tumefungua saa tatu.
Abiria watatu, kwa miguu, na mbwa.
Mbwa hakulipa.