Gunia Nyuma ya Mlango

Barabara ya kumi na mbili, Ngamiani.
Msimu wa machungwa ukifika mimi hufunga dirisha.
Si kwa nzi. Kwa harufu.

Mara moja tu, miaka kumi na sita sasa,
mwanamke alimenya chungwa ubavuni pangu, stendi ya Muheza,
na kabla hajafika nusu
jicho langu la kushoto likaota meno ya msumeno, yanameremeta,
kisha kipandauso kikapanda kweli.
Nilitapikia ndoo ya muuza karanga.
Tangu siku ile kichwa changu kina daftari
kama la mangi anayekopesha:
chungwa, maumivu. Ijumaa, maumivu.
Kinaandika deni kabla sijachukua unga.

Nashona sare za shule. Jumanne
nilikunja marinda ya sketi kumi na nne,
cherehani inalia tangu alfajiri,
kichwa kimetulia, baridi kama mtungi.
Adhuhuri akaja Mwatumu:
"Samahani shoga, jana niliweka mzigo wangu hapa,
nyuma ya mlango, nikaufunika kanga."
Akafunua.
Machungwa.
Ya kijani, na vikonyo vyake,
yamelala nami usiku kucha.

Ndipo msumeno ukaanza.

Shemeji Semboja alicheka hadi akakohoa.
"Si nilisema? Unajiumiza mwenyewe."
Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka,
sawa,
lakini waliosema hawakumaliza:
mguu wangu ulivimba, shemeji.
Nilikuwa sakafuni, kitambaa cha maji usoni,
nikashindwa kumwambia
kwamba maumivu yakishaingia
hayaulizwi yamepita mlango gani.

Daktari wa Bombo, binti mwenye kalamu sikioni,
alinieleza mwaka jana: ubongo hausubiri habari, hukisia,
na kisio likizoeleka
huwa ndilo habari.
Nilimwona mtoto. Nikachukua vidonge vyangu, nikaondoka.

Leo Alhamisi.
Limebaki moja. Mwatumu kaliacha, nadhani makusudi.
Nimeliweka juu ya cherehani,
nimelitia kidole gumba.
Mafuta ya ganda yamenirukia kifundoni.
Nahesabu.
Nje kengele ya baiskeli, mtu anamwita mtu.
Thelathini na moja. Thelathini na mbili.
Jicho la kushoto linapepesa,
au ni mimi ninayelipepesa
nikilingojea.