Udhamini wa Maisha

Lilidondoka Jumanne, pale kwenye reli,
nusu ya bomba pamoja na sailensa nzima,
likaburuzika nyuma yangu likitema cheche
mpaka mbwa wa kina Halyk wakakimbilia uvunguni.
Nikalitupa juu ya magunia,
nikarudi nyumbani nikinguruma kama vita.

Pikapu ni ya mwaka tisini na sita, dizeli, silinda sita,
kilomita laki tano na ushei.
Injini haijawahi kunidai kitu ila oili.
Ni chini ndiko inakoliwa:
chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu
haibagui chuma cha mtu.

Shemeji yangu Lorne alikuja bila kuitwa.
"Bomba moja, Orysia, inchi nne, limenyooka,
toka kwenye turbo hadi nyuma, bila sailensa.
Iache injini ipumue."
Lorne naye hupumua hivyo hivyo,
majirani wote wanajua saa anayoamka.

Kule Yorkton, kijana wa dukani, Tyrell,
alinionyesha chuma cha pua, inchi tano,
kinang'aa kama sufuria ya harusi.
Dola elfu moja na mia mbili, kabla ya kodi.
"Kina udhamini wa maisha," akasema.
Nikamuuliza: maisha ya nani?
Akageuza karatasi. Haikuandikwa.

Nina miaka sitini na minane.
Hesabu niliipiga palepale kaunta:
pikapu ikinizika, nani ataudai udhamini?
Nikiizika mimi, bomba litabaki likimeta
kwenye uwanja wa vyuma chakavu,
jino la dhahabu kinywani mwa maiti.

Wanasema mchagua jembe si mkulima.
Waliosema hawakuchagua ekzosi mwezi wa tisa,
ngano imesimama shambani, redio inataja mvua.

Jumamosi nikatandika kadibodi, nikaingia chini na tochi.
Nilitaka kupima tu: upana wa bomba, nafasi za hanga.
Pale juu ya ekseli nikakuta mkono wa Metro:
kopo la maharage limepasuliwa, limezungushwa,
limefungwa kwa waya wa uzio, mizunguko kumi na moja.
Mbavu za kopo bado zahesabika.
Ule mwaka ngano iliota ukungu
tuliambiana vichache.
"Imetengenezwa," alisema,
nami nikaamini kuna risiti mahali.

Jicho lilinitoka machozi. Lilikuwa vumbi la kutu,
sisemi kwa fumbo, kutu kabisa,
nililiosha kwa chai iliyopoa.

Jumatatu nikaagiza cha katikati:
chuma kilichopakwa alumini, inchi tatu na nusu,
sailensa ndani yake, dola mia nne na kumi.
"Miaka saba," Tyrell akaonya, "ukibahatika, minane."
Nikamwambia inatosha kuanzia.
Sababu nyingine sikumpa:
saa kumi alfajiri napita chini ya dirisha la Kalyna,
mjukuu wangu, mtoto wa Juni,
na mama yake ndiyo kwanza amefumba macho.

Bolti mbili zilikatika.
Ya tatu niliipasha moto, nikaigusa na nta
ya mshumaa uliobaki Pasaka, ikakubali.
Waya wa Metro niliukata kwa koleo.
Kopo nikaliweka rafuni, kisha nikalitoa rafuni,
kisha sijui. Limo humo karakana.

Nikawasha.
Kimya kilikuwa kikubwa hata nikaingiwa na hofu,
nikadhani imezima. Haikuzima.
Ilikuwa ikisema chini chini,
kama mtu anayehesabu pesa zake peke yake.
Nikashika barabara ya changarawe, gia ya tatu, ya nne,
na hapo, mara ya kwanza kwa miaka mingapi, nikasikia
gurudumu la mbele, upande wa kulia:
beringi inasaga, taratibu,
kama iliyokuwa imenyoosha kidole siku zote
ikingoja zamu yake.