Sitini na Sita

Gunia lilishuka kutoka safu ya tisa,
si kwa hasira, kwa uzito wake tu,
kilo themanini, likapita usoni mwangu.
Jino moja likabaki sakafuni, ghalani Newala,
la jirani likabaki nusu,
na mimi, karani wa mnada, msoma bei,
nikabaki na dirisha.

Hujui kwamba bei ni meno mpaka siku hiyo.
Elfu. Nusu. Sitini. Thelathini.
F ikatoka upepo mtupu,
s ikapiga mluzi kama birika,
thelathini ikawa kitu cha kutema.
Wakulima wakatazamana: "Karani kasema ngapi?"
Kijana mmoja wa Kitangari akaniiga, watu wakacheka,
nami nikacheka, kiganja mdomoni,
kiganja ambacho hakikushuka miezi mitano.

Mtwara, chumba cha pili, feni inayolia.
Daktari Asumini Nantende akalaza kiti
akanitazama kama mtu anayekagua mbegu.
"Nusu hii haijafa yote. Mzizi wake nautaka."
Akaingiza sindano nyembamba, akakwangua, akaosha, akakwangua,
akatoa uozo niliokuwa nao bila habari,
akajaza, akaziba.

Kuhusu pengo alinipa njia mbili.
Kupandikiza: skrubu ndani ya mfupa,
ungoje ishike kama mche uliobebeshwa
(nimekulia kwenye kitalu, najua mingine hukauka),
na hiyo ni Dar es Salaam, na ni pesa ya misimu miwili.
Au daraja:
majirani wawili wachongwe, wambebe asiyekuwepo.

Kuchongwa.
Bibi yangu mzaa mama alichongwa meno akiwa mwali,
kwa chuma na jiwe, bila ganzi,
akatoka na safu ya ncha, wanaume wakageuza shingo.
Nilimsimulia daktari. Akazima mashine.
"Bibi yako alichongwa aonekane.
Wewe unachongwa usionekane."
Nikafungua mdomo.

Uji wa rangi ya waridi kwenye trei, baridi, ladha ya mnanaa,
ukagandia sura ya kinywa changu,
ukapelekwa nyuma kwa fundi, Dadi Nampunju,
mtoto wa mchonga vinyago wa Nanyamba.
Nilimchungulia: meno yangu ya plasta mezani
yanamcheka bila mimi.
Anayeyusha nta, anakata, anapuliza,
anapima kwa jicho moja.
Akaniwekea shavuni mstari wa rangi za meno.
Nikachagua jeupe la mwisho, la bwana harusi.
"Hilo si lako," akasema. "Wewe mtu wa chai ya rangi.
Nakuwekea lenye moshi kidogo,
na kiufa kama cha jirani yake, wapatane."
Uongo wa heshima namna hiyo sijawahi kufanyiwa.

Siku ya kubandika alingoja gundi ishike.
"Sema sitini na sita."
Sitini na sita.
"Tena."
Sitini na sita. Safi. Sufuria. Thawabu. Fadhili.
Nikaropoka kama mtoto wa chekechea
na mate yangu, na machozi.
Ya ganzi, nilimwambia.

Ulimi bado haujakubali. Usiku unakwenda pale,
unapiga hodi, unamkuta mgeni, laini,
asiyejibu baridi wala moto.
Fadina anasema nimeanza kukoroma kwa sauti nyingine.

Mnada wa Novemba nilipanda juu ya mzani,
kiganja mfukoni, nikafungua barua ya mnunuzi
nikasoma, hata wa nyuma kabisa wakasikia:
elfu moja mia sita na sitini.

Kimya.
Halafu ghala zima: "Hatuuzi!"
Hakuna aliyetazama meno.
Yule kijana wa Kitangari akasimama juu ya gunia lake,
mikono kiunoni:
"Rudia, karani, hatukusikia!"

Walisikia.
Nikarudia, polepole.