Mshika Utepe

Kazi yangu ni kushika ncha ya utepe.
Soroveya anashika ncha ya pili, yenye namba,
na kati yetu, leo, lipo shamba la Mzee Kimitei,
ekari kumi na mbili za Piave,
ngano ya mwisho ilivunwa Oktoba
na mabua yake bado yanachoma nyayo.

Hamsini kwa mia. Hamsini kwa mia.
Nachimba, namwaga saruji, nasimika bikoni
palepale nilipokodi, mwaka ule wa baridi,
mistari kumi na minne ya viazi.
Kiazi kilininyima usingizi: mvua, baridi, bei.
Bikoni haina haja nami. Nikishaigonga imeshakua.

Wanawe wamekuja na gari jeupe.
Wanasema na dalali kwa sauti ya hospitali.
Kwenye karatasi yake inayong'aa pana kidimbwi cha kuogelea
na mtoto wa Kizungu anafukuza puto
hapa ambapo Chelel, ng'ombe wa mwisho, analamba magadi.

Asubuhi nilimwambia soroveya: hapa hupita maji.
Kila Aprili yanashuka kutoka Mau, rangi ya chai ya maziwa,
hayana mwenyewe.
Akainamia ramani. Akasema,
hapa ni ploti arobaini na moja.
Nikagonga chuma katikati ya njia ya maji,
nikaona aibu, kama aliyefunga mlango
huku mgeni yuko njiani.

Sisemi watu wasijenge.
Mimi mwenyewe nimepanga chumba Njoro,
ukuta mmoja na kinyozi, mashine yake naisikia mpaka ndotoni;
hamu ya mlango wangu naijua.
Ila nani aliketi akauliza
vyoo themanini vitamwaga wapi,
shule itabanwa ploti gani,
na unga wa wote hawa
utalimwa shamba la nani?

Saa kumi Tabutany, mke wa mzee, akatuletea mursik
kwenye vikombe vya bati.
Juu ya kuuza hakusema neno.
Aliinama kando ya bikoni mbichi,
akafukua kwa kidole, akatoa kiazi kilichosahaulika,
kimeshatoa macho,
akakifuta kwa leso, akaniuliza:
"Hiki nacho kimeangukia namba ngapi?"

Utepe ulikuwa mkononi.
Nikapima.