Kuponi ya Sita

Mwaka ule tiketi zilikuwa bado vitabu,
kurasa nyembamba zenye wino mwekundu mgongoni,
nami nikiziuza Chake Chake, ghorofani, juu ya fundi cherehani.
Bi Mize Faki akapanda ngazi na kopo la maziwa ya unga.
Ndani, kiinua mgongo: miaka thelathini na miwili
ya kupima watoto uzito kliniki ya Vitongoji.
"Nipe ile ya Asia," akasema. "Ile ya vituo sita."
Nikauliza, anasafiri nani?
Akaniangalia kama mtoto aliyepungua kilo.

Nikamsomea masharti, mie niliyeuza Bangkok mara hamsini
na mwenyewe sijapita Mkoani:
kuponi sita, siku sitini,
unakwenda upande mmoja, kurudi nyuma hakuna,
mji ulioulala huulali tena,
kuponi isiyotumika hufa, na jina halibadilishwi.
Nilidhani atasema neno la kikubwa.
Akasema, "Na mzigo kilo ngapi?"

Miji alikuja nayo kichwani.
Marehemu Kombo, mumewe, alikuwa mpiga chapa
bohari ya karafuu, Wete: brashi, kopo la lami,
BOMBAY, COLOMBO, SINGAPORE, siku nzima ameinama,
jioni anarudi na herufi vidoleni,
anashika kikombe, kikombe kinaandikika.
Na SURABAYA, hiyo aliikosea miaka tisa,
SURABYA, gunia baada ya gunia,
mpaka karani mgeni akamcheka mbele ya wachukuzi.
"Nataka kuuona," akasema Bi Mize, "mji uliopungua herufi,
kama ulipata tabu."

Nilipiga simu Dar mara tatu, laini ikikatika kila nikifika Singapore.
Yeye alitaka kwa mpangilio wa magunia;
ndege zikataka kwa mpangilio wa ndege.
Tukafuta, tukahamisha, Penang ikaingia bila kualikwa,
ikaadhiniwa adhuhuri, akasali pembeni ya kabati, akarudi kitini.
Manila niliiweka mie,
maana kituo cha sita kilikuwa hakina mji.
Akavaa miwani, akasoma: BOM, CMB, PEN, SIN, SUB...
"Kumbe na nyie mwapunguza!"
Akacheka mpaka fundi chini akasimamisha cherehani.

Alirudi siku ya sitini na nne,
viatu vipya vya mpira, uso umeiva jua.
Bombay, makelele. Colombo, mvua.
Penang, doriani, lakini za kwetu ndizo zanuka kweli.
Singapore walimnyang'anya kisu cha kumenyea machungwa.
Surabaya alikaa siku kumi na tisa.
Kuna kiwanda cha sigara, wanachanganya tumbaku na karafuu,
ukipita ukuta wa nyuma wasikia harufu ya Wete wakati wa mavuno.
Akawa anakaa benchi la mlinzi.
"Yeye asema kabar, mie nasema habari. Siku ikaisha."
Na magunia? nikauliza.
"Ya plastiki. Yana namba tu."

Kisha akatoa kile kitabu,
kurasa tano zimechanwa, moja imebaki, safi, Manila.
"Hii yako."
Bi Mize, imekufa ina siku nne. Na jina halibadilishwi.
"Najua," akasema, keshafika katikati ya ngazi.
"Ulinisomea."